Kunyamaza kwa Mkwe

Mvua zilipopungua mwaka huu nilipanga foleni hospitali na wanawake wenzangu, tukapimwe matiti. Binti aliyenipima alikuwa na vidole vya baridi na pamba yenye spiriti, na harufu ile ya spiriti ilinirudisha mbali hata kabla hajanigusa. Akaniuliza, kama alivyomuuliza kila mtu, "Bibi, katika ukoo wenu yupo aliyewahi kuugua saratani?" Nikasema sijui. Akaendelea na kazi yake, akanambia niko salama, nikavaa nikaondoka. Lakini jibu langu lilinifuata mpaka nyumbani, maana halikuwa kweli na halikuwa uongo. Enzi zetu, wakati Mwingereza angali anatawala, jina hilo la saratani sisi hatukuwa nalo. Tulikuwa na uvimbe tu, na kila uvimbe ulikuwa na mtu aliyeuleta.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la nne la misheni. Haya ninayoandika mengine niliyaona kwa macho ya mtoto, mengine nilisimuliwa na Tupokigwe, rafiki wa mama, nilipokuwa mtu mzima. Nitajitahidi kuyatenganisha. Nikishindwa, mtu wa rika langu atanielewa, kwani na yeye anajua jinsi kumbukumbu zinavyochanganyikana zenyewe bila kuomba ruhusa.

Mama yangu, Sekela, alikuwa Mkisi, mtoto wa wafinyanzi wa ufukweni mwa ziwa, chini ya milima mirefu. Baba alikuwa Mnyakyusa, naye alikuwa amekwenda kusini kwenye migodi ya dhahabu. Alimwacha mama pale Matema, kwenye boma la babu aliyemzaa yeye baba. Nyumba yetu ilikuwa upande mmoja wa migomba na ya babu upande wa pili. Karibu hivyo, lakini kwa mama ilikuwa mbali kuliko huko migodini. Kwa desturi ya Wanyakyusa wa siku zile, mke hamwoni baba mkwe wake. Hamtazami, hasemi naye, hapiti njia anayopita yeye. Babu akitokea, mama alijitosa migombani na mzigo wake kichwani. Akisikia kikohozi chake uani, alivuta nguo akafunika uso na kugeukia ukuta. Babu naye alitimiza sehemu yake. Alikohoa akiwa bado mbali kabla hajakata kona, kisha akapita akitazama ziwani kana kwamba kuna kitu anakitafuta huko.

Wakristo wengi walikwisha kuilegeza desturi hiyo, na mchungaji alisema hakuna ubaya kuilegeza. Mama hakulegeza hata uzi. Nadhani, lakini ninadhani tu, ni kwa sababu alikuwa Mkisi. Wapo waliosema Wakisi ni watu wa samaki na udongo, adabu watazipata wapi? Yeye alitaka wasipate la kusema.

Kazi yangu ilikuwa kutangulia njiani na kumwambia mama kama babu yupo. Hakuna aliyenieleza kwamba ile ni heshima. Mimi nilijua viumbe ambavyo watu huvikimbia. Watu hukimbia mamba, hukimbia chui, na mama alimkimbia babu. Kwa hiyo akilini mwangu niliwaweka wote watatu pamoja. Babu alinipa samaki wa kuchoma, alinitengenezea kata ya kuchotea maji, nami nilivipokea kwa mikono miwili huku nikimchunguza meno.

Kulikuwa na kijito kati ya kwetu na mahali pa kuchimba udongo wa vyungu, na gogo la kuvukia. Siku moja tulikuwa tunarudi kutoka kuchimba, na kwa kuwa gogo liliteleza mama aliniambia nikae nyuma yake. Alikuwa amejitwika udongo, mikono yote juu, na nguo yake ilikuwa imefunguka ikashuka hadi kiunoni. Babu alitokea ng'ambo, macho chini, akikwepa tope. Walikutana katikati ya gogo. Babu aliinua macho, yakatua pale kifuani kwa mama. Kisha, badala ya kurudi nyuma alikotoka, akaruka majini kama chura, mzee mzima na blanketi lake. Mimi nilicheka. Nilicheka peke yangu.

Mama alipeleka kuku wa kuomba radhi kupitia kwa bibi, mke wa babu. Babu akajibu kupitia kwa bibi huyo huyo, "Yamekwisha." Kwa upande wake nafikiri yalikwisha kweli. Lakini habari ya gogo ilitembea. Wazee wa kwetu waliamini kwamba watu wakinung'unika juu ya mkosaji, pumzi zao humwingia mwilini zikawa ugonjwa. Na watu walinung'unika. Sitaki kuwasema vibaya. Hawakunung'unika kwa chuki, walinung'unika kama watu wanavyoongelea mvua.

Mvua zile zile, mama akaacha kuutumia mkono wake wa kushoto.

Aliyeona kwanza ni Tupokigwe. Wafinyanzi wa kwetu hufinyanga pamoja, kila mmoja na kigae chake cha kuzungushia chungu na gunzi lake la kulainishia. Kabla ya kufinyanga, huponda udongo na kuukanda, vidole vikitafuta kokoto, maana kokoto moja ikibaki, chungu kitapasuka motoni. Mama alikuwa anakanda kwa mkono mmoja.

"Gwe Sekela," Tupokigwe akasema, "huo mkono mwingine umeuazima kwa nani hata unaogopa kuuchakaza?"

"Umechoka."

"Umechoshwa na nini? Na kumlea mume aliyeko migodini?"

Wanawake wakacheka. Mama hakucheka, akainama zaidi. Nakumbuka Tupokigwe alikuwa wa kwanza kuacha kucheka, akabaki akiutazama ule mkono.

Jioni tulipokwenda ziwani kuosha udongo mwilini, Tupokigwe hakuuliza wala hakubembeleza. Alimfuata mama majini akamwekea mkono kwenye titi, kama anavyouweka kwenye udongo. Nilikuwa karibu, nikaona vidole vyake vikienda, vikienda, vikasimama.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

"Afadhali kingeuma. Tangu lini?"

Mama akatazama juu kwenye milima, asitutazame. "Tangu gogoni."

Hapo ndipo nilipoelewa, au nilipodhani nimeelewa. Macho ya babu yalikuwa yametua pale pale. Yalikuwa yameingia na kukaa. Nilijua sasa kwa nini mama alimkimbia maisha yake yote, na kwamba siku moja tu alichelewa. Ajabu ni kwamba mama mwenyewe, mtu mzima mwenye akili zake, aliamini jambo linalofanana na langu. Tulikuwa tumefika mahali pamoja kwa njia mbili, na hatukuwahi kuambiana.

Tupokigwe hakuwa na habari na gogo. Alisema mama yake mkubwa alikuwa na kitu kama hicho, akakificha mpaka kikatoboka, na nyumba nzima ikanuka kabla hajafa. Alimburuta mama hadi kwa dresa wa zahanati. Dresa alimshika kwapani, akashika tena, akasema bado hakijafika huko, lakini kiko njiani. Hana dawa yake. Dawa yake ni kisu, na kisu kiko hospitali ya misheni kule juu milimani. Waende sasa, wasingoje mavuno. Kisha akaongeza jambo ambalo lilimmaliza mama pale pale alipokaa.

"Mke wa mtu hawamkati hivi hivi. Upande wa mume lazima useme ndiyo mbele ya daktari, kwa mdomo. Mume hayupo? Basi aende baba yake."

"Basi nimekwisha," mama akasema.

Bibi alimfikishia babu habari, na siku zilizofuata nilikuwa mdomo wa babu na mama. Babu alikaa upande wake wa ukuta wa mianzi, mama upande wake, nami nikazunguka kutoka huku kwenda kule nikibeba maneno ambayo wote wawili walikuwa wamekwisha kuyasikia.

"Mwambie mama yako tunaondoka ziwa likitulia."

Nazunguka. "Mama, babu anasema mnaondoka ziwa likitulia."

"Mwambie babu yako siendi. Kilichonipa ugonjwa ninakijua. Nikakae nacho mtumbwi mmoja?"

Nazunguka. Nilipofika kwa babu nilikuta amefunga macho. Sikuweza kulisema lile neno, nikasimama tu. Babu akasema, "Nimesikia, usilibebe." Kisha akainua sauti, ingawa bado alikuwa ananitazama mimi. "Mwambie mama yako moyo wangu hauna neno naye. Kama unalo, mtumbwi uzame, na mimi nikiwa ndani."

Bibi, aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akadakia, "Sasa wewe mzee, ukizama na wao si watazama? Kiapo gani hicho?" Babu akamwambia anyamaze. Lakini upande wa pili wa mianzi nilimsikia mama akipumua kwa pua, kama mtu aliyezuia kicheko, na baadaye akaniambia, "Kamwambie nimesikia."

Asubuhi ya kuondoka wanawake walikuja ufukweni. Mmoja alijitolea kupalilia mpunga wetu. Mwingine alisema vyungu vya mama vilivyokwisha kukauka atavichoma pamoja na vyake. Wengine walileta usipa wakavu, dagaa wa ziwa letu, na mikungu ya ndizi, na viazi vilivyochemshwa tayari. Na wale walionung'unika walikuja pia, lazima niliseme hili. Mmoja wao, ambaye Tupokigwe hakumpenda mpaka kufa, alivua shuka lake pale pale akamfunika mama kwa sababu kule milimani kuna baridi.

Barabara ya bondeni ilikuwa chini ya maji, mito imefurika, kwa hiyo njia ilikuwa ziwa mpaka Mwaya, na kutoka Mwaya lori la mpunga lipandalo juu. Mtumbwi ulikuwa wa babu. Palizuka ubishi mama atakaaje. Mwisho wakasimamisha mkeka katikati, wakaufunga kwa fito. Babu nyuma na kasia, mama mbele ametazama mbele, Tupokigwe na mimi upande wa mama, karibu na mkeka. Mimi sikutakiwa kwenda. Nilipandishwa kwa sababu bila mimi wangesemezanaje?

Tulipoacha kivuli cha mlima, upepo ulitujia kwa ubavu. Sijui nisemeje ili aliyezaliwa nchi kavu aelewe. Mtumbwi ni mti uliochongwa, nao ukiwekewa kitu cha kushika upepo unageuka wenyewe. Mkeka ulituna. Mtumbwi ukalala upande mmoja, maji yakaingia, ukainuka, ukalala tena. Babu akapaza sauti, "Mwambie mama yako achote maji!" Nikasema, "Mama, chota maji!" Mama alikuwa anachota tayari, kwa chungu kidogo, mgongo kwetu. "Mwambie asogee nyuma, mbele kumezidi uzito!" Nikasema. Mama hakusogea. Kusogea nyuma kulikuwa ni kuukaribia mkeka, na mkeka ulikuwa unapigapiga kama bawa, nyuma yake anaonekana babu, haonekani, anaonekana.

"Sekela, sogea!" Tupokigwe akalia. "Utakufa na adabu zako?"

Mama hakusogea. Nilimtazama shingo yake na nikaona kwamba angekubali tuzame. Hilo nimelifikiria miaka mingi, nami naamini sikulikosea.

Tupokigwe ndiye aliyechomoa kisu cha kuparia samaki akakata kamba. Mkeka uliruka, ukatua juu ya maji, ukaenda zake. Mtumbwi ukanyooka papo hapo. Sasa hapakuwa na kitu kati yao. Mama akajifunika nguo kichwa kizima, akarudi kinyumenyume, akaendelea kuchota maji bila kuona. Babu alipiga kasia akitazama milimani. Nami nilikaa katikati nikiyachunga macho ya babu, yasimguse mama tena. Kila yalipoteremka nilisogeza kichwa changu yanikute mimi.

Hospitalini kulikuwa na baridi na ukungu, na harufu ile ya spiriti. Daktari alikuwa mama wa kizungu, mwembamba, aliyesema Kiswahili kama mtu anayesoma Biblia. Alimpima mama kwa upole. Nesi aliyemsaidia alitoka nchi ya mbali, hakujua Kinyakyusa wala mambo yetu. Tupokigwe alikuwa ameambiwa akangoje nje kwenye majiko ya wagonjwa, maana chumba kilikuwa kidogo. Mimi nilibaki kwa kuwa nimemng'ang'ania mama na hakuna aliyeweza kunibandua.

Mama alikaa kwenye benchi, kajifunika uso, kageukia ukuta. Wakamwita babu. Aliingia, akamwona, naye akageukia ukuta wa pili. Chumba kile hakikuwa kikubwa kuliko jiko la kwetu. Sijui nani aliumia zaidi.

"Mzee," daktari akasema, "wewe ni baba wa mume wa mwanamke huyu?"

Babu akaitikia kwa kichwa, akiutazama ukuta.

"Ana uvimbe mbaya katika titi. Nataka kulikata titi lote. Tukilikata sasa, huenda akapona. Tusipolikata, atakufa. Je, unakubali?"

Babu hakujibu.

Nesi akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, kama babu ni kiziwi. "Unakubali tumkate titi?"

Babu alishika mkongojo wake kwa mikono miwili. Hakujibu.

Leo ninajua. Kwa mwanamume yule, kutaja titi la mke wa mwanawe, mbele yake, mbele ya wanawake, mbele ya mtoto, kulikuwa ni kuvua nguo sokoni. Kama wangemwita nje wakamuuliza kwa mbali, angejibu mara moja. Kama wangeniuliza mimi nimuulize, angenijibu. Lakini daktari hakujua, na hawezi kulaumiwa kwa asilolijua. Tulisikia baadaye kwamba palikuwa na mume mmoja aliyekuja na mkuki kwa sababu mkewe alikatwa bila yeye kukubali. Kwa hiyo daktari alihitaji neno. Na mimi pia sikujua. Nilidhani babu ananyamaza kwa sababu kazi aliyoianza gogoni anataka iishe.

Daktari alingoja kwa haki kabisa. Akauliza mara nyingine. Kisha akaosha mikono.

"Amekataa," akamwambia nesi, kwa huzuni. "Siwezi. Mrudishe mama avae. Mwite mwingine."

Nesi akafungua mlango. Nje alikuwapo mwanamume mwenye kidonda mguuni, akaanza kuinuka. Babu aligeuka kuelekea mlangoni, midomo inatetemeka, lakini haitoi kitu. Nikaona babu anataka kutoka. Niliona jinsi tutakavyorudi, lori, ziwa, nyumba inayonuka.

Ndipo mama akavuta nguo usoni, ikaanguka. Akasimama. Akamtazama babu, sura kwa sura.

"Taata," akasema.

Maisha yangu yote sikuwa nimesikia sauti ya mama ikielekea kwa babu, sembuse kumwita baba. Babu alisimama kama aliyepigwa kwa fimbo.

"Taata, hawajui. Wanadhani umekataa." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Nimekukosea gogoni, na sasa nakukosea tena. Lakini sema. Sema, taata, nisife."

Babu alimtazama. Nilimtazama mama kifuani, nikingoja kitu kitokee. Hakuna kilichotokea. Uso wa babu ulikuwa umelowa, na meno niliyoyaogopa siku zote yalikuwa yanagongana.

"Hukunikosea," akamwambia kwa Kinyakyusa. Kisha akamgeukia daktari akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ambo ya mto, "Kata! Kata titi. Mtu mniachie."

Akatoka nje, akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, akavuta blanketi akajifunika kichwa.

Walimkata. Homa ilimshika, ikamwacha. Daktari alimweleza kwamba kwao Ulaya, baada ya kisu, wapo wanaochomwa kwa mashine yenye miale isiyoonekana, ili mabaki yaungue, lakini yeye hapa ana kisu tu na maombi. Sasa nasikia miale hiyo ipo humu humu nchini, na dawa za kutundikiwa kwenye mshipa, na ninafurahi, ingawa sielewi vizuri. Mama aliishi. Aliishi akanioza, akapokea wajukuu. Alipokufa, alikufa kwa kifua, wengine wakasema ni kile kile kimerudi, wengine wakasema ni uzee. Mimi sijui, na ndiyo maana nilimjibu yule binti sijui.

Tulipotoka hospitali wanawake walikuja Mwaya kutupokea, na siku mama aliporudi mahali pa udongo aliwaonyesha kovu, bila kuambiwa. Walitazama kwa muda. Mmoja akauliza kama maziwa ya upande ule yamehamia upande wa pili, Tupokigwe akamwambia ndiyo, na akili zako zilihamia wapi? Tangu hapo Tupokigwe hakumwacha mtu. Jioni ziwani kila mwanamke alishikwa na mwenzake, matiti na kwapa, huku matusi ya utani yakiruka. "Hili nalo ni titi au ni ndizi iliyosahauliwa juani?" "Mumeo halalamiki, unalalamika wewe?" Walicheka, na vidole vikiendelea kutafuta.

Vidole vilisimama kwa Lugano, msichana aliyekuwa ameolewa karibu tu hapo kando ya mto. Mume wake naye alikuwa migodini. Sitasema uongo kwamba hadithi yake iliisha vizuri. Chake kilikuwa kimekwisha kufika kwapani, na hata baada ya kukatwa aliishi mvua chache tu, lakini aliishi hadi mtoto wake akatembea na kusema. Ninalotaka kuandika ni jinsi alivyokwenda hospitali.

Mama alinishika mkono tukaenda kwa baba mkwe wa Lugano. Alikuwa rika moja na babu, kwa hiyo kwa mama naye alikuwa mkwe vile vile. Mama alisimama nje ya ukuta wa mianzi, akampa mgongo. Nikajiandaa kubeba maneno. Lakini mama hakunipa ya kubeba.

"Taata, ugonile," akamwamkia, akitazama migomba. "Mtakwenda na Lugano hospitali. Kule watakuuliza jambo mbele yake. Usinyamaze. Kwetu kunyamaza ni heshima, kule ni kukataa."

Ndani mzee akakohoa.

"Nisemeje?"

"Sema: nakubali."

"Nakubali."

"Sema: akatwe titi."

Kukawa kimya kirefu mno hata nikadhani mzee ameondoka kwa mlango wa pili. Mama alingoja, mkono wake umekaza wangu.

"Ni neno zito, mwanangu," sauti ikasema.

"Najua, taata. Lisemee hapa kwanza, mdomo ulizoee."

"Akatwe." Ilikuwa pumzi tu.

"Daktari hatakusikia hivyo. Ni mzungu, na nesi wake ana haraka."

"Akatwe titi."

"Kwa sauti, taata."

"Akatwe titi!" mzee akapiga kelele, kuku wakatawanyika uani, na mle ndani ya migomba, karibu sana na sisi, Lugano, aliyejificha humo, akaanza kulia.